Kuupasha Moto Mtambo wa Motokaa Kabla ya Kuukimbiza

Wako wenye motokaa wengi waaminio kwamba mtambo ukishaitika tu, basi uko tayari kwa kazi yo yote. Husikia sauti yake, huingiza gia, na kabla vumbi la uani halijatulia wamekwisha kanyaga hata chini kabisa. Wako na wengine, hasa wazee wa kazi hii ya udereva, ambao huuwasha mtambo alfajiri wakauacha ukiunguruma peke yake mpaka chai inywewe na ndevu zinyolewe, ndipo waondoke. Makundi haya mawili huchekana kila siku. Ukweli ni kwamba yote mawili yamekosea njia, ingawa lile la kwanza limepotea mbali zaidi. Nia yetu ni kueleza sababu, ili kila msomaji apime mwenyewe.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Gari moja kijijini ndilo lipelekalo mahindi sokoni, ndilo limchukualo mwalimu mjini kufuata vitabu, na usiku wa manane ndilo limchukualo mama mwenye uchungu kwenda hospitali. Mtambo wake ukiharibika, hasara si ya mwenye gari peke yake. Tena mtambo haufi kwa siku moja. Huliwa kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya kuliwa huko hutukia katika zile dakika chache za kwanza baada ya kuwashwa, wakati dereva anapofikiri safari yenyewe bado haijaanza.

Kwanza yapasa tuelewane juu ya neno baridi. Mtu wa Njombe au wa Limuru, aonaye umande juu ya kioo cha gari kila asubuhi ya mwezi wa Julai, hahitaji kuambiwa kuwa mtambo wake una baridi. Lakini mtu wa Tanga au Mombasa husema, “Kwetu hakuna baridi, hayo ni mambo ya watu wa milimani.” Amesahau kwamba mtambo haupimi baridi kwa ngozi kama sisi. Umetengenezwa ufanye kazi maji yake yakiwa na joto la digrii 90 hivi, na oili yake kiasi hicho au zaidi. Asubuhi ya Mombasa yenye digrii 25 ina upungufu wa digrii 65. Asubuhi ya Njombe yenye digrii 8 ina upungufu wa digrii 82. Tofauti ipo, walakini wote wawili wako mbali na mwisho wa safari. Mtu wa pwani hana ruhusa ya kuukimbiza mtambo baridi ati kwa sababu yeye mwenyewe anatoka jasho.

Sasa tutazame mambo yanayotendeka ndani. Tutasema oili kwa yale mafuta mazito ya kulainishia, yasichanganyike na petroli au dizeli inayochomwa.

Gari likilala usiku kucha, oili yote huchuruzika ikashuka katika karai lililo chini ya mtambo. Juu ya vyuma hubaki utando mwembamba tu. Mtambo ukiwashwa, pampu huanza kuivuta oili na kuisukuma katika vijia vyembamba hata ifike kwenye beringi za shafti kuu, kwenye pistoni, na juu kabisa kwenye valvu. Kazi hiyo huchukua nukta chache tu za saa, lakini katika nukta hizo vyuma vyatembea juu ya ule utando wa jana. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutopiga resi mara mtambo uitikapo. Ile sauti kubwa ya kujigamba mbele ya jirani yalipiwa kwa chuma.

Walakini hata oili ikisha kufika mahali pake, bado si ile oili inayotakiwa, maana oili ya baridi ni nzito mno. Chukua oili ya kawaida ya 15W-40, ambayo magari mengi ya dizeli hutumia: katika joto la digrii 40 uzito wake wa kutiririka ni kama mara saba au nane kuliko ulivyo katika digrii 100. Katika digrii 10 za alfajiri ya milimani huzidi hapo mara nyingi. Ni kama asali iliyolala nje usiku ukiilinganisha na asali iliyowekwa kando ya jiko. Oili nzito namna hiyo haipenyi upesi katika nafasi nyembamba ambamo ndimo hasa inamohitajiwa.

Hapa pana kosa moja linalowapata hata madereva wenye akili. Gari lenye saa ya kuonyesha msukumo wa oili huonyesha msukumo mkubwa sana mtambo ukiwa baridi. Dereva hufurahi, akasema oili iko tele. La, sivyo. Msukumo umepanda kwa sababu oili imekataa kupita, kama vile watu wengi wanaosukumana mlangoni. Kusukumana si dalili kwamba wengi wanaingia. Pampu ikizidiwa, valvu maalumu hufunguka ikarudisha oili nyingine karaini bila kufika ilikotakiwa. Na katika chujio mna valvu nyingine ambayo, oili ikiwa nzito mno, huiachia ipite pembeni bila kuchujwa, ili mtambo usikose oili kabisa. Basi yule apigaye resi katika dakika ya kwanza aweza kuwa anazilisha beringi zake oili chache tena yenye taka.

Maadam tumezitaja namba za oili, na tuzieleze, kwa kuwa wengi huzisoma kinyume. Katika 20W-50, herufi W yatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake yaonyesha tabia ya oili katika baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka kwa wepesi zaidi asubuhi. Namba ya pili yaonyesha uzito wake mtambo ukisha kupata moto. Wako wadhanio kwamba oili hii huzidi kuwa nzito kadiri inavyopata moto, ikatoka 20 ikafika 50. Hakuna oili ya namna hiyo. Oili zote hulegea zipatapo joto. Hii hulegea kidogo kuliko nyingine tu. Fuata namba zilizoandikwa katika kitabu cha gari, wala usichague oili kwa kuitia baina ya vidole dukani.

Tuiache oili, tuje kwenye vyuma vyenyewe. Katika mitambo mingi pistoni ni ya alumini, na silinda ambamo inapanda na kushuka ni ya chuma cha kusubu. Kila madini hutanuka yapatapo joto, lakini alumini hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma hicho. Pistoni yenye upana wa milimita 80, joto lake likiongezeka kwa digrii 100, huongezeka upana kwa kadiri ya sehemu 18 za mia za milimita moja. Tundu la silinda lenye upana ule ule, kwa joto lile lile, huongezeka kwa kadiri ya sehemu 9 tu. Tofauti hiyo ni kama unene wa unywele mmoja wa kichwani. Msomaji atasema, unywele ni nini? Lakini nafasi yote iliyoachwa kati ya pistoni na silinda ni sehemu chache tu za mia za milimita, yaani yaweza kuwa ndogo kuliko unywele huo.

Mafundi waliobuni mitambo walilijua jambo hili. Kwa hiyo pistoni haikuchongwa kuwa mviringo kamili. Ukiipima ikiwa baridi utaiona ina umbo la yai kidogo, tena kichwani ni nyembamba kuliko chini, maana kichwa ndicho kipatacho moto mwingi. Ikipata joto lake ndipo hujitengeneza ikawa mviringo na kujaa silinda sawasawa. Kabla ya hapo huyumba ikigonga kuta, na ndiyo sababu mitambo mingine hutoa sauti ya kugongagonga asubuhi, kisha sauti hiyo hupotea baada ya mwendo mdogo.

Fikiri basi mtu anapokanyaga kwa nguvu katika hali hiyo. Moto mkali huipiga pistoni kichwani, nayo hupata joto na kutanuka upesi sana, kwa kuwa ni nyepesi. Silinda, ambayo ni nzito na imezungukwa na maji baridi, haijapata habari. Pistoni hukua, tundu halikui. Nafasi hupungua, oili hukamuliwa ikatoka, na chuma hukwaruza chuma. Katika hali mbaya kabisa pistoni hukwama. Ajali hii huijua sana mafundi wa pikipiki zile za zamani zinazochoma oili pamoja na petroli. Katika motokaa mara nyingi haifiki huko. Huacha mikwaruzo tu, na mwaka wa pili mwenye gari anashangaa mbona mtambo wake unakula oili na kutoa moshi wa buluu.

Hayo yawatosha wapendao mwendo. Lakini je, wale wanaouacha mtambo ukiunguruma nusu saa? Wao nao wana hasara yao, nayo imo katika petroli. Petroli haiungui ikiwa majimaji. Yapasa igeuke mvuke kwanza. Katika mtambo baridi sehemu kubwa yake haigeuki, na kwa hiyo hutiwa nyingi zaidi ili kiasi kigeukacho kitoshe. Zamani dereva alivuta choki kwa mkono wake. Magari ya siku hizi yana kompyuta ifanyayo kazi hiyo bila kuambiwa. Petroli iliyobaki majimaji huosha ule utando wa oili kwenye kuta za silinda, kisha hupenya hata karaini na kuichuja nguvu oili yenyewe. Tena kuna maji. Huenda msomaji asisadiki, lakini lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji kiasi cha lita moja hivi. Mtambo ukiwa na moto, maji hayo hutoka kwa bomba la moshi yakiwa mvuke. Ukiwa baridi, mengine huganda kuwa matone, ndiyo yale uyaonayo yakidondoka bombani asubuhi, na kiasi fulani huingia katika oili. Fungua kifuniko cha kutilia oili cha gari liendalo safari fupi fupi tu katika mji wa baridi: aghalabu utaona povu jeupe kama la maziwa.

Sasa mtambo unaonguruma bila kazi huchoma kidogo, na kwa kuwa huchoma kidogo hupata joto polepole sana. Hukaa muda mrefu katika hali ile ile mbaya tuliyoieleza. Mtambo wa dizeli ni mvivu zaidi katika jambo hili. Waweza kuunguruma muda mrefu juu ya mlima wala usipate joto la kutosha. Juu ya hayo, oili ya gia na ya difu haipati joto hata kidogo gari likiwa limesimama, wala tairi, wala breki. Vyote hivyo hupata joto kwa kwenda. Nchini Ujerumani sheria ya barabarani yakataza kabisa kuacha mtambo ukiunguruma bure, na avunjaye hutozwa faini, ingawa baridi yao ni kali kuliko ya Kitulo.

Desturi ya wazee haikuwa upumbavu. Magari ya kabureta yalizimika njiani yakiondolewa kabla ya kupata joto kidogo, na mtu alijifunza kungoja. Magari yamebadilika, desturi imebaki.

Na kama utaungoja mtambo kwa sababu yo yote, usiungoje ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akidhani amepatwa na usingizi tu. Fungua milango, toa gari nje.

Njia iliyo sawa ni ya katikati. Washa mtambo bila kukanyaga. Ikiwa ni dizeli, ngoja kwanza taa ya plagi za joto izimike. Ngoja nusu dakika, na asubuhi ya baridi kali hata dakika moja, kiasi cha kufunga mkanda na kufuta kioo. Kisha ondoka polepole. Katika kilomita za kwanza usikanyage zaidi ya nusu, badili gia mapema, na saa ya mizunguko isipite 2,500 au 3,000 kwa gari la petroli. Dizeli iwe chini ya hapo. Vile vile usiende kwa gia kubwa mno hata mtambo ukatetemeka kwa kulemewa, maana hilo nalo huzibana beringi ambazo bado hazina oili nzuri.

Je, utajuaje kwamba umetosha? Hapa wengi hudanganywa na saa ya joto. Ile saa yaonyesha joto la maji, na maji hupata moto kabla ya oili. Sindano ifikapo katikati, oili huenda iko nusu ya njia tu. Magari mengi mapya hayana sindano, yana taa ndogo ya buluu, nayo hutoweka kabla mtambo haujapata joto kamili. Basi sindano ikisha kutulia, au taa ikisha kuzimika, ongeza muda mwingine kama ule uliokwisha pita. Kwa kawaida jumla ni dakika 10 hata 15 za mwendo wa upole. Kampuni ya BMW ililiona jambo hili, na katika magari yake ya mbio ya M5 ya mwaka 1998 na M3 ya mwaka 2000 ilitia taa ndogo katika saa ya mizunguko, zikimwonyesha dereva kikomo chake, na kikomo hupanda kadiri oili inavyopata joto.

Wenye mashindano makubwa ndio wenye hadhari kuliko wote. Mitambo ya Formula 1 hubanwa sana katika vipimo vyake, hata haiwashwi ikiwa baridi. Husukumiwa kwanza maji ya moto kutoka nje. Na katika mashindano yetu ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na yaliyorudi katika mashindano ya dunia huko Naivasha mwaka 2021, gari haliruki kutoka kambini likaingia mbioni. Hupita kwanza barabara za kawaida kwa kufuata sheria za kawaida, pengine nyuma ya lori la viazi, ndipo lifike mahali pa kushindania. Kijana atazamaye ukingoni huona vumbi na ngurumo tu. Zile kilomita za upole haoni.

Angalia pia umbo la barabara yako. Atokaye Lushoto kuteremka Mombo hushuka kilomita zaidi ya 30, na mtambo unaoshuka hauchomi mengi, hivyo huchelewa kupata joto. Asidhani kwamba kwa kuwa amekwenda mbali basi ana haki ya kukimbiza mara agusapo barabara kuu. Aliye bondeni, ambaye safari yake yaanza kwa kupanda, ana taabu nyingine: mtambo wake hulemewa ukiwa bado baridi. Huyo apande kwa gia ndogo bila haraka.

Na ikiwa mgonjwa yumo garini? Swali hili ni la haki. Kilomita 5 kwa mwendo wa 50 kwa saa huchukua dakika 6. Kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 4 kasoro. Tofauti ni dakika mbili na robo. Mara nyingi hasara hiyo yafaa kuvumiliwa, maana mtambo ukikwama katikati ya pori mgonjwa hatafika kabisa. Lakini kama mwenye kumtibu amesema kila dakika ni uhai, kanyaga, mtambo utatengenezwa. Dereva wa gari la wagonjwa katika nchi ya baridi na aliweke bandani usiku, awe na betri nzima na oili yenye namba ndogo mbele ya W kama kitabu kinavyoruhusu. Huko Kanada na Swideni watu huunganisha vyombo vya umeme kwenye mtambo ili maji yasipoe usiku.

Limebaki jambo la themostati, na hili linaniuma. Ni kifaa kidogo kama kizibo, chenye nta ndani, kikaacho njiani mwa maji kati ya mtambo na rejeta. Maji yakiwa baridi hujifunga, ili yazunguke ndani ya mtambo tu na kupata joto upesi. Yakifika digrii 80 na kitu nta huyeyuka, hutanuka, ikafungua njia. Mafundi wengi huku kwetu gari likichemsha huing'oa, wakasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiwi. Gari hilo halitapata tena joto lake upesi. Milimani huenda lisipate kabisa, nalo litakula petroli na kuliwa vyuma maisha yake yote. Lililo baya zaidi, katika mitambo mingine themostati ikifunguka huziba ile njia ya mzunguko wa ndani. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita katika rejeta, na gari huzidi kuchemsha.

Kabla ya kukubali itupwe, ijaribu. Ngoja mtambo upoe kabisa, itolewe, uifunge uzi na kuining'iniza katika sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Yakiwa baridi yapasa iwe imefungwa. Yakikaribia kuchemka yapasa iwe imefunguka wazi, na ukiitoa ijifunge tena baada ya muda mfupi. Ikikataa mojawapo ya hayo, nunua mpya yenye namba ile ile ya digrii iliyopigwa juu yake. Ikitii, irudishe, na sababu ya kuchemsha itafutwe kwenye rejeta, kwenye feni, au kwenye pampu ya maji.